Kilomita Nne za Maili Moja: Baiskeli Kando ya Barabara ya Njia Nane



Jana alfajiri nilisimama kando ya Barabara ya Morogoro, hapa Maili Moja, Kibaha. Akapita mtu anasukuma baiskeli, Phoenix nyeusi ya Mchina, magunia mawili ya mkaa yamefungwa kwa mipira kwenye keria na la tatu limelazwa juu yake. Kengele hana. Breki yake ni soli ya kandambili, huigandamiza kwenye tairi akishuka mlima. Kila fuso likipita, upepo wake ulimyumbisha, naye alitoka kwenye lami akangoja vumbini, kisha akarudi. Nilimhesabia mara saba kabla hajapotea machoni.

Huyo ndiye mwendesha baiskeli wetu. Ajabu ni kwamba tukikaa kwenye semina za usafiri tunamsahau, tunamzungumzia kijana wa kofia ngumu na kaptula ya kubana ambaye wengi wetu tumemwona kwenye televisheni tu.

Je, baiskeli inafaa kwa mji mkubwa kama Dar es Salaam? Sitawadanganya. Kutoka hapa hadi Posta, katikati ya jiji, ni kilomita 30 na ushee. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mtu atanyonga zaidi ya saa mbili, na jua letu mnalijua. Atafika ofisini ameloa jasho, bosi amuulize kama ametoka kulima. Safari hiyo tuliachie basi.

Lakini si kila safari ya mkazi wa Maili Moja inakwenda Posta. Kuna ya sokoni, ya shuleni, ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Tumbi, na ile ya kutoka nyumbani hadi kituoni ambayo kila siku inamla mtu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Kilomita nne kwa baiskeli ni dakika 16. Hapo hakuna chombo kinachoishinda kwa bei, na pancha ikitokea, fundi yuko chini ya mwembe na karai lake la maji.

Kinachomzuia mtu ni woga, na woga huo una sababu. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane. Foleni iliyotutesa miaka mingi imepungua, nami nashukuru. Ila barabara pana humwita dereva akanyage mafuta. Gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga, nguvu yake ni karibu mara tatu ya gari lile lile likiwa kwenye 30. Mwili wa binadamu haujaumbwa kwa hesabu hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupigwa bega na kioo cha basi. Kondakta alichungulia dirishani, akanitukana, wakaondoka.

Wapo watakaosema tuvae kofia ngumu. Tuvae. Lakini kofia haipunguzi mwendo wa fuso.

Waholanzi, tunaodhani walizaliwa juu ya baiskeli, mwaka 1971 walizika watu wapatao 3,300 waliokufa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai njia salama, na njia zikajengwa. Hapakuwa na siri nyingine. Kwetu, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yaliipatia Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Basi la mwendokasi na baiskeli ni ndugu, mmoja anamleta abiria, mwingine anamchukua. Lakini abiria huyo akifika kituoni, baiskeli ataiacha wapi? Aifunge kwenye nguzo ya umeme?

Kwa hiyo, kwa wahandisi na madiwani mliomo ukumbini, naomba mambo mawili tu. Jengeni banda la kuhifadhia baiskeli kituoni, lenye mlinzi na risiti. Na kabla hamjachora kivuko kingine, njooni Maili Moja saa kumi na mbili jioni, muazime baiskeli ya mtu, mjaribu kuvuka nayo.