NENO LA KATIBU WA TAWI: ADA YETU, SAUTI YETU



TANU ilizaliwa hapahapa kwetu, New Street, leo Mtaa wa Lumumba, tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kwa nauli ya michango ya wanachama na wapenzi wa chama. Bibi Titi Mohamed aliandikisha akina mama kupitia vikundi vya ngoma. Anayekulipia nauli ndiye anayekupangia safari. Wazee wetu walilijua hilo.

Sisi leo ada hatulipi, tunamsubiri mgombea atulipie kodi ya pango la ofisi. Je, kura zetu za maoni zitakuwa za nani?

Kitabu cha stakabadhi kipo ofisini hadi Jumamosi jioni. Tulipe wenyewe, tuamue wenyewe.

Kidumu Chama!