Miriamu Nje ya Kambi



Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, yamo masimulizi mafupi ambayo hatuyasikii mara nyingi katika Misa ya Jumapili, nayo yanahusu neno baya lililosemwa na watu wakubwa. Musa alikuwa ameoa mwanamke Mkushi, yaani mwanamke wa asili ya nchi iliyo kusini mwa Misri, nchi ya watu weusi. Miriamu na Haruni, ndugu zake Musa wa damu, wakamteta kwa ajili ya mwanamke huyo. Nao hawakuwa watu wa hivihivi. Miriamu ndiye aliyewaongoza wanawake kwa matari baada ya kuvuka Bahari ya Shamu, na Haruni alikuwa kuhani. Kwa lugha ya leo tungewaita watu mashuhuri, ambao kila walisemalo husikika kambi nzima. Mungu akawaita wote watatu penye Hema, akawakemea, na wingu lilipoondoka Miriamu alionekana ameshikwa na ukoma, ngozi yake nyeupe pe. Yeye aliyemteta mke mweusi wa ndugu yake akapewa weupe kuliko alivyouhitaji.

Tazameni sasa jambo moja lililonisumbua tangu nilipokuwa seminarini, na mpaka leo halijaniacha. Walioteta ni wawili. Aliyepata ukoma ni mmoja. Haruni alibaki na ngozi yake na vazi lake la kikuhani. Wafafanuzi wa Maandiko wana majibu yao: husema kwamba Miriamu ndiye aliyeanza, kwa kuwa jina lake limetangulia, au kwamba kuhani mwenye ukoma asingeweza kuhudumu, na kambi ingekosa wa kuitolea sadaka. Huenda wana haki. Mimi nawaomba tu mliweke swali hilo mahali pa karibu tunapoendelea: wawili walisema, na mmoja akatolewa nje.

Mwishoni mwa Aprili 2014 dunia ilisikia sauti ya mzee mmoja wa Marekani, jina lake Donald Sterling, aliyekuwa akitimiza miaka 80 siku hizohizo. Alikuwa mwenye timu ya mpira wa kikapu iitwayo Los Angeles Clippers. Katika maongezi yaliyonaswa kwa siri alimlaumu mwanamke rafiki yake kwa sababu alionekana pichani pamoja na watu weusi, akamtaka asiwalete katika michezo yake. Miongoni mwa waliotajwa alikuwamo Magic Johnson, mmoja wa wachezaji bora waliopata kuucheza mchezo huo. Kumbukeni kwamba wengi wa wachezaji waliokuwa wakimtajirisha mzee huyo, pamoja na kocha wao, walikuwa watu weusi.

Ghadhabu iliyofuata haikuwa ndogo. Tarehe 27 Aprili wachezaji wake waliingia uwanjani, wakavua fulana zao za juu na kuzirundika katikati ya uwanja, wakabaki na fulana walizozigeuza ndani nje ili jina la timu lisionekane. Makampuni yaliyotangaza biashara zao kwa timu hiyo yakaanza kujitoa. Rais Barack Obama, aliyekuwa ziarani Malaysia, aliulizwa habari hiyo akaikemea. Tarehe 29 Aprili mkuu wa ligi, Adam Silver, alimfungia Sterling maisha, akamtoza faini ya dola milioni 2.5. Mambo yote hayo yalitukia katika muda usiofika juma moja.

Nakiri kwamba mimi nami nilifurahi. Nani asingefurahi? Mtu mweusi anapotetewa hivyo mbele ya mataifa, moyo huinuka. (Kwamba maongezi ya chumbani yalinaswa na kutangazwa sokoni, hilo nalo si jambo la kulishangilia, lakini tuliache.) Ni baadaye, niliposoma zaidi habari za mzee huyu, furaha yangu ilipochanganyika na kitu kingine.

Sterling hakuwa tajiri wa mpira tu. Alikuwa na majengo mengi ya kupangisha katika eneo la Los Angeles. Mwaka 2006 Wizara ya Sheria ya Marekani ilimfungulia mashtaka, ikidai kwamba katika majengo hayo watu weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na familia zenye watoto walikuwa wakinyimwa nyumba. Yeye alikana. Novemba 2009 kesi ilimalizwa kwa mapatano: pasipo kukiri kosa, alikubali kulipa dola 2,725,000. Wizara yenyewe ilitangaza kwamba hayo yalikuwa malipo makubwa kuliko yote iliyokuwa imepata kuyafikia katika kesi za ubaguzi wa upangaji wa nyumba.

Habari hiyo haikufichwa. Magazeti yaliandika, na kila aliyetaka aliijua. Lakini ligi haikumfungia hata kwa mchezo mmoja. Hakuna fulana iliyogeuzwa ndani nje. Mabango ya makampuni yalibaki ukutani. Tena kilikuwako chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, kijulikanacho kwa jina la NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909. Tawi lake la Los Angeles lilikuwa likipokea michango ya fedha kutoka kwa Sterling, nalo lilikuwa limempangia tuzo ya heshima Mei 2014. Tuzo hiyo ilifutwa baada ya sauti ile kusikika, na mkuu wa tawi akajiuzulu. Kama si sauti ile, mzee angesimama jukwaani akapigiwa makofi.

Kwa nini neno lilifanya kwa siku nne kile ambacho kesi ya miaka mitatu haikukifanya? Nimelitafakari sana. Neno husikika na wote kwa mara moja. Kila mwenye sikio huumia, na kila aliyeumia huweza kulirudia kwa jirani. Lakini mama aliyeambiwa hapana nafasi, huku vyumba vitupu anaviona, husimama kibarazani peke yake na watoto wake. Hana sauti ya kutangazwa. Ana karatasi tu, na karatasi huchosha kusomwa. Iko na sababu nyingine ambayo hatupendi kuitaja: kulikasirikia neno hakukugharimu kitu. Kukikasirikia kitendo kungewagharimu wengi. Wachezaji wangehatarisha mishahara, makampuni faida, chama michango yake. Na huyo aliyeadhibiwa hasara yake ilikuwa nini? Timu aliyoinunua mwaka 1981 kwa dola kama milioni 12.5 iliuzwa mwaka huohuo wa 2014 kwa dola bilioni 2. Sijui kama kuna mpangaji wake hata mmoja aliyepata kuona adhabu ya namna hiyo.

Sisemi kwamba neno si kitu. Sisi tunaosema na watu kwa njia ya redio tunajua kuliko wengine. Mwaka 1994 huko Rwanda, redio iliyoitwa RTLM iliwaita binadamu mende, nao walichinjwa kwa mapanga kama wadudu wasiohesabiwa. Na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake. Neno huua. Linalonishughulisha leo ni kipimo tunachotumia: ni neno la nani tunalolisikia, na ni la nani linalopita masikioni mwetu kama upepo.

Nimekwisha sema vya kutosha juu ya Wamarekani, ambao hawanisikilizi. Sasa nitasema juu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiitumikia, alikuwako mzee mmoja mwenye mashamba, Mkristo wa kila Jumapili, mkarimu kwa Kanisa. Tulipoezeka upya paa la kanisa, zaidi ya nusu ya mabati alitoa yeye. Mashambani mwake walifanya kazi vibarua waliotoka mkoa mwingine, na mzee alikuwa na neno la kuwaita. Sitalitamka hapa. Ni neno linalolifanya kabila lao kuwa tusi, nanyi wenyewe mnayo ya namna hiyo mnayoyajua. Alilitumia akiwaita, alilitumia akiniambia habari zao, tena akicheka. Vibarua hao walilipwa kwa kuchelewa, na wengine walilala katika banda ambalo kabla yao lilikuwa la mifugo. Nililiona banda hilo kwa macho yangu. Nilikuwa nimekwenda kubariki trekta.

Sikusema neno. Nilijiambia kwamba ni desturi ya wazee kusema hivyo, kwamba hana nia mbaya, kwamba nitamwona siku nyingine faraghani. Siku hiyo nyingine haikufika, bali mabati yalifika.

Katika parokia hiyohiyo alikuwako kijana wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya nne, fundi baiskeli. Jioni moja baada ya mazoezi aligombana na mwenzake juu ya fedha za sare, na katika hasira akamwita kwa neno lilelile. Herufi kwa herufi. Mwenzake alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Habari ilienea mpaka kwenye jumuiya ndogondogo, na Jumapili iliyofuata Halmashauri ya Walei iliketi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikao. Nilizungumza kwa ukali mkubwa juu ya dhambi ya ukabila; nilitaja Rwanda, kama nilivyoitaja leo; wajumbe wakatikisa vichwa. Katekista mmoja mzee aliuliza kwa upole kama kijana angeweza kupewa muda wa kutubu. Nilimjibu kwamba mambo ya namna hii hayana mzaha. Kijana alitolewa katika kwaya, na jina lake likasomwa katika matangazo.

Majuma matatu baadaye tulifanya sherehe ya kubariki paa jipya. Mzee wa mabati alikaa kiti cha mbele, akavishwa shada la maua. Mimi ndimi niliyemvisha.

Nilisikia habari za Sterling nikiwa katika parokia hiyo, na jioni moja nilikuwa nikimweleza yule katekista mzee, kwa uchungu wa kweli, jinsi chama kile cha Los Angeles kilivyotaka kumtunuku mtu wa namna ile kwa sababu ya michango yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ndiyo, Baba.” Hakuongeza kitu. Akaondoka kwenda kupiga kengele ya Malaika wa Bwana. Nilibaki nimekaa pale nikiyatazama mabati.

Turudi kwa Miriamu. Musa, ambaye ndiye aliyetetwa kwa ajili ya mkewe, alimlilia Mungu amponye dada yake. Haruni naye alifanya jambo ambalo mara nyingi tunalisahau kwa kuwa tumeshughulika kumwonea wivu kwa kuponyoka: alimgeukia Musa, akakiri kwamba wametenda dhambi wote wawili. Hakusema kwamba Miriamu ametenda. Alijihesabu pamoja naye, ilhali ngozi yake ilikuwa safi na hapakuwa na aliyemlazimisha. Miriamu alikaa nje ya kambi siku saba. Na katika siku hizo saba, yasema masimulizi, watu hawakusafiri. Kambi nzima, na watoto, na mifugo, na sanduku la agano, ilikaa jangwani ikimngojea mwanamke mmoja aliyesema neno baya, mpaka aliporudishwa ndani. Ndipo waking’oa mahema.

Sisi kijana wetu hatukumngojea. Kwaya iliimba Jumapili ile ile, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Nilikwenda kwanza kwa mzee. Nilimwambia, “Mzee wangu, lile neno unalowaita watu wa shambani kwako ni dhambi, na banda lile ni dhambi zaidi, na mimi nimekosa kwa kunyamaza.” Alinitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama halmashauri imenituma. Nilipomwambia hapana, akasema kwamba padre aliyenitangulia hakuwa mtu wa maneno kama haya. Hakuja kanisani kwa muda wa miezi miwili. Kisha alirudi, akaanza kukaa upande wa nyuma, karibu na mlango. Vibarua walijengewa vyumba viwili vya matofali kabla ya masika. Neno anawaita lipi ninapokuwa sipo, hilo siwezi kuwaambia.

Kijana nilimkuta penye karakana yake, mikono imejaa grisi. Alinipa kigoda, akaniamkia kwa heshima kama zamani. Nilimwomba arudi kwenye kwaya, na nilimwambia kwamba nitasema mbele ya watu yale niliyokosa mimi. Alifuta mikono taratibu. “Baba Padre,” akasema, “nilimtukana mwenzangu, nami nilistahili kutolewa. Nimekwisha kumwomba radhi, tunasalimiana. Ila siku ile ya sherehe nilisimama nje dirishani.”

Nilitimiza ahadi yangu Jumapili iliyofuata. Kijana hakuwapo. Alikwisha kuanza kwenda kusali kigango cha jirani, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, na wanasema huko ndiye anayewafundisha sauti ya nne.