Fidia kwa kadirio la haki: kutoka Kanuni ya 1888 hadi amri ya Bogoro

Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Madai ya Kongo, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamtaka kila aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake aifidie. Sheria imetaja wajibu, bei haikuitaja. Mlalamikaji akiwa na risiti, hesabu ni nyepesi. Asipokuwa nazo, hakimu hukadiria kwa uadilifu, njia ambayo mawakili huiita kwa Kilatini ex aequo et bono.

Mkulima aliyechomewa nyumba na kuibiwa ng'ombe ataleta risiti gani? Hakuna kesi iliyolijibu swali hili kwa kina kama ile ya Germain Katanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI). Kijiji cha Bogoro, kusini mwa Bunia mkoani Ituri, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003; Katanga alihukumiwa kwa mchango wake katika uhalifu huo, na amri ya fidia ilitolewa tarehe 24 Machi 2017. Majaji walipitia maombi 341, moja baada ya jingine, wakakubali 297. Walitambua kwamba baada ya miaka mingi, na kwa hali ya Ituri, hati nyingi hazipatikani, basi ushahidi ukapimwa kwa kuzingatia hali hiyo. Aliyeponea shambulio lenyewe hakutakiwa kuthibitisha upya kwamba roho yake iliumia. Huo ndio uadilifu unaostahili jina lake: haumpunguzii mtu haki, bali unamwondolea mzigo asioweza kuubeba.

Hasara yote ilikadiriwa kuwa dola 3,752,620. Katanga aliwekewa deni la dola 1,000,000, kulingana na sehemu yake katika uhalifu. Hakuwa na mali. Majaji hawakulipunguza deni kwa sababu hiyo, bali waliuomba Mfuko wa Wahanga wa mahakama hiyo uangalie kama ungeweza kulipa.

Namna ya kulipa nayo ilipimwa. Kila mhanga alipewa dola 250 mkononi, kama ishara. Juu yake ukaja msaada wa pamoja: makazi, shughuli za kujipatia kipato, elimu ya watoto, na matunzo ya kisaikolojia. Minara ya kumbukumbu haikuamriwa, kwa kuwa wahanga wenyewe hawakuitaka. Wenye kidonda waliulizwa kwanza, na ni vema kwamba ilikuwa hivyo.

Katika kesi ya Thomas Lubanga mbele ya CPI hiyohiyo, iliyohusu watoto waliotumikishwa jeshini, mwaka 2017 madhara ya kila mmoja wa wahanga 425 waliotambuliwa yalikadiriwa kuwa dola 8,000, lakini fidia ikawa ya pamoja tu. Deni lote lilikuwa dola milioni 10, kwani wengine walikuwa bado hawajafikiwa.

Kadirio lina mpaka wake: hakimu lazima aonyeshe alivyolifikia. Mwaka 2021 Bosco Ntaganda, aliyehukumiwa na mahakama hiyohiyo, aliwekewa deni la dola milioni 30. Septemba 2022 majaji wa rufaa waliirudisha kesi, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba idadi ya wahanga haikuwa imekadiriwa. Tarehe 14 Julai 2023 ilitoka hesabu mpya: wahanga wapatao 10,500, na deni la dola milioni 31.3. Wale waliotumikishwa jeshini wakiwa watoto, ambao wamo pia katika kesi ya Lubanga, hawatalipwa mara mbili kwa madhara yaleyale.