Udongo wa Bondeni: Eleza Kwanza, Jina Baadaye

Kipindi cha leo kinahusu udongo uliolowa, ule wa mabondeni, ambao msimu huu wa mvua Songea nzima tunaukanyaga. Tutajifunza kuusoma ukiwa palepale shambani au kwenye kiwanja, kwa macho, kwa vidole na kwa maji kidogo, kabla hujapeleka kitu maabara. Tafuta kalamu na karatasi, maana mbele kidogo nitakusomea maelezo ya kuandika.

Wengi wetu tukikuta udongo umelowa, unateleza na kuganda kwenye kiatu, tunasema papo hapo: huu ni mfinyanzi. Neno likishatoka, kazi zinafuata. Mmoja anautumia kufyatua tofali, mwingine anachimba bwawa la samaki. Miezi michache baadaye tofali zinapukutika pembeni, na bwawa halishiki maji. Mara nyingi mfinyanzi ulikuwa kidogo tu. Kilichojaa pale ni silti.

Silti ni nini? Udongo hupangwa kwa ukubwa wa chembe zake. Mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 kushuka hadi milimita 0.05 hivi, nyingi unaziona kwa macho, na ukizisugua zinakwaruza. Mfinyanzi ni chembe zilizo chini ya milimita 0.002. Silti iko katikati. Chembe yake moja huioni kwa macho matupu, na ikikauka ukaisugua vidoleni huteleza kama unga wa sembe. Ila ni punje ya jiwe iliyosagika. Haina ule ubapa mwembamba wa chembe za mfinyanzi, unaozifanya zishikamane na kuzuia maji.

Imefikaje bondeni? Tazama vilima vya Matogoro, hapo pembeni mwa mji wetu. Huko ndiko mto Ruvuma unakoanzia safari yake ya zaidi ya kilomita 700 hadi Bahari ya Hindi. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanashuka mteremko yamebeba udongo. Yakifika penye tambarare yanapunguza kasi, na kila mzigo unatua kwa zamu yake: mchanga hutangulia, silti hufuata, mfinyanzi huenda mbali zaidi hadi penye maji yaliyotulia. Msimu mwingine mafuriko makubwa huleta tabaka jingine juu ya lile la zamani. Kwa hiyo ukichimba bondeni, usitegemee kukuta kitu kimoja toka juu hadi chini.

Mpangilio huu wa kilima na bonde ulielezwa kisayansi hapahapa nchini kwetu. Miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliona kwamba aina za udongo hufuatana kwa utaratibu kutoka kileleni hadi bondeni, na kwamba utaratibu huo hujirudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena, na mwaka 1936 ikatoka ramani yake ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Leo katena inafundishwa vyuoni dunia nzima. Kwetu sisi ina maana moja ya kazi: jambo la kwanza kuandika ni mahali uliposimama kwenye mteremko.

Basi twende kazini. Andika tarehe, jina la mahali, na kama mvua ilinyesha jana. Andika kama uko kileleni, ubavuni au bondeni. Tazama kinachoota: matete na nyasi za majimaji ni taarifa, ziandike. Andika pia umbali wa kutoka mtoni, na eneo linatumika kwa nini.

Halafu chimba. Kwa jembe au sururu, fika kina cha mita moja ukiweza. Kama una keekee ya udongo, ile ya kuzungusha kwa mikono, ni nzuri zaidi kwa sehemu zenye maji. Hapa nina onyo, na nawaomba vijana wanisikilize vizuri. Silti iliyolowa haisimami. Kuta za shimo zinaweza kuporomoka ghafla bila kutoa dalili. Ukivuka kina cha kiuno, usiingie humo, na usiache shimo wazi mahali penye watoto au mifugo.

Maji yakianza kuchuruzika shimoni, pima kina yalipoingilia. Subiri, yakishatulia pima tena. Vipimo vyote viwili viandikwe, kwa sababu huenda cha pili kikawa juu kuliko cha kwanza.

Sasa rangi. Udongo uliolowa ni mweusi kuliko ukikauka, kwa hiyo andika kwamba umeusoma ukiwa umelowa. Wataalamu hutumia kitabu cha rangi cha Munsell, lakini maneno yetu yanatosha kuanzia: mwekundu, wa kahawia, kijivu, mweusi. Kule juu kilimani udongo wetu ni mwekundu kwa sababu chuma kilichomo kimepata hewa kikafanya kutu. Bondeni maji yanaziba matundu, vijidudu vinamaliza oksijeni, kile chuma kinayeyuka na rangi inabaki kijivu. Maji yakishuka kiangazi, hewa inarudi kupitia njia za mizizi na nyufa, na kutu inajitokeza tena kwa mabaka ya rangi ya chungwa.

Mabaka hayo yatafute kwa makini. Andika yanaanzia kina gani. Hata ukifika mwezi wa tisa ukakuta shimo kavu, mabaka yanakuonyesha maji hupanda hadi wapi wakati wa mvua. Anayekuuzia kiwanja kiangazi anaweza asikwambie hayo.

Tumefika kwenye vidole. Chukua udongo kidogo kutoka tabaka moja, toa mizizi na vijiwe, uukande hadi ulainike. Ukikwaruza, kuna mchanga. Ukiganda kwenye vidole na kung'aa unapoupitishia kidole gumba, kuna mfinyanzi. Ukiwa laini, unateleza, lakini haugandi sana, hapo silti inatawala. Sasa usukume donge hilo kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Mfinyanzi mwingi hutoa utepe unaopita sentimita 5 kabla ya kukatika. Silti hukatika mapema, na utepe wake huwa na magamba.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachoumbua silti inayojifanya mfinyanzi. Tengeneza donge bapa linalojaa katikati ya kiganja, lenye maji ya kutosha kulainika lakini lisiwe uji. Kiganja kikiwa kimelala, kigonge ubavuni kwa mkono wa pili, mara kadhaa. Tazama uso wa donge. Kama ni silti, maji yanapanda juu na uso unang'aa. Sasa libane donge kwa vidole: mng'ao unapotea, donge linakakamaa na kupasuka. Mfinyanzi ukiugonga hivyo, hakuna kinachotokea. Sababu ni kwamba mtikisiko unazisogeza punje za silti karibu zaidi, maji yanakosa nafasi na kutoka nje. Ukizibana, punje zinapishana, nafasi inaongezeka, na maji yanafyonzwa ndani. Katika mfinyanzi matundu ni madogo mno, maji hayawezi kukimbia upesi namna hiyo.

Tengeneza donge jingine, lianike hadi likauke kabisa, kisha livunje kwa vidole. Silti inasagika kuwa vumbi bila shida. Mfinyanzi mzito utakutoa jasho.

Mwisho pima ulaini wa udongo ukiwa palepale ukutani mwa shimo. Ukiufumbata ukapenya kati ya vidole, andika: laini sana. Ukifinyangika kwa kubonyeza kidogo, andika: laini. Ukihitaji nguvu, andika: umekaza.

Haya, kalamu. Mfano wa maelezo ya tabaka moja ni huu, nausoma polepole. "Sentimita 30 hadi 80. Silti yenye mfinyanzi kidogo. Kijivu, yenye mabaka mengi ya rangi ya kutu kwenye njia za mizizi. Imelowa kabisa. Laini. Ikigongwa kiganjani maji hutokea upesi. Mizizi membamba michache. Maji yaliingia shimoni kwenye sentimita 60." Umeona? Mtu ambaye hajafika Songea akisoma maneno hayo anaujua udongo ule. Ungeandika "tope la bondeni" tu, asingejua kitu.

Ndipo linapokuja jina, na majina yanategemea anayeuliza. Mhandisi wa barabara au jengo hutumia mfumo uliotokana na kazi ya Arthur Casagrande miaka ya 1940, kwa ajili ya viwanja vya ndege. Kwanza anauliza: je, nusu au zaidi ya udongo inapita kwenye chekeche la tundu la milimita 0.075? Kama ndiyo, anauliza tena unafinyangika kiasi gani. Silti isiyofinyangika sana anaipa herufi mbili, ML. Mtaalamu wa kilimo hutazama shimo zima na historia ya maji. Udongo wenye kijivu na mabaka yaliyosababishwa na maji ya chini anaweza kuuweka kundi la Gleysols. Ule unaoonyesha tabaka za mafuriko, kundi la Fluvisols. Hawapingani. Shimo ni lilelile, maswali ndiyo tofauti, na wote wawili wanahitaji yale maelezo uliyoandika mwanzo. Ukikosea jina lakini maelezo yako ni sahihi, mwingine atarekebisha. Ukiandika jina peke yake, hakuna wa kukusaidia.

Faida ya kuusoma udongo hivi ni nini kwetu? Mkulima, silti huhifadhi maji mengi ambayo mmea unaweza kuyafikia, kwa hiyo bustani ya bondeni hustahimili kiangazi. Lakini usiilime wala kupitisha ng'ombe ikiwa imelowa: inashindiliwa, na ikikauka hufanya ukoko ambao mche unashindwa kuupasua. Mfuga samaki, kama donge limeng'aa kiganjani, tafuta mfinyanzi wa kuziba sakafu ya bwawa, la sivyo maji yatapotea. Fundi ujenzi, silti iliyolowa hutitia chini ya ukuta, tena bila usawa, nyumba ikapata nyufa. Chimba hadi tabaka lililokaza, au mshauri mwenye nyumba ahamie juu ya mteremko. Choo cha shimo usikichimbe penye mabaka ya kutu karibu na uso wa ardhi, maana maji ya chini yatakifikia. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kuna jingine. Silti unayoikuta bondeni ilikuwa shamba la mtu kule juu. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga walilijua hilo zamani, ndiyo maana hulima ngoro: mashimo yaliyopangwa mteremko mzima, kila moja likinasa maji na udongo wake.

Vidole vina mwisho wao. Kwa jengo kubwa, daraja au bwawa, sampuli lazima ziende maabara ya wahandisi. Kwa kilimo, zungumza na bwana shamba wako. Vipo vituo vyenye wataalamu wa udongo kama TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kila mfuko uwe na mahali, kina na tarehe, vinginevyo ni udongo tu ndani ya nailoni.

Zoezi la wiki hii, na walimu nawaomba mlifanye na wanafunzi. Chukueni chupa angavu, jazeni udongo wa bondeni robo yake, ongezeni maji hadi karibu na shingo, tikiseni kwa nguvu, kisha wekeni mezani msiiguse. Mchanga utatua ndani ya dakika moja au mbili. Baada ya saa chache silti itakuwa imelala juu yake. Maji yakibaki na ukungu hadi kesho yake, huo ni mfinyanzi. Pimeni kila tabaka kwa rula, mwandike. Halafu rudini kwenye donge la kiganjani mlinganishe majibu. Yakipishana, rudieni vipimo vyote viwili kabla ya kuupa udongo wenu jina.