Mlima Haujui Kaka Mkuu

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya kupanda Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa vijana wa kidato cha tano wanajiandaa kwenda huko Desemba hii. Katibu amenipa robo saa. Nitaitumia yote, maana nina deni la kulipa humu ukumbini, na nimelikawiza zaidi ya miaka arobaini.

Nianze na mlima wenyewe. Kilimanjaro una vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote, na juu yake kabisa ni Uhuru, mita 5,895. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wataalamu wa Ulaya waliokaa mbele ya meza zao wakamwambia macho yamemdanganya. Wachagga waliokuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi hawakuulizwa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipeleka juu bendera na mwenge, nchi ilipopata uhuru, na ndipo kilele kikapata jina hilo. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977.

Sisi tulipanda mwaka 1983. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, mwalimu wetu wa jiografia, kiongozi mmoja, wasaidizi wake wawili na wapagazi. Mimi nilikuwa kaka mkuu. Wakubwa wenzangu mnakumbuka cheo hicho kilivyokuwa: kengele yangu, filimbi yangu, na neno langu bwenini lilikuwa la mwisho. Nilikwenda mlimani nikiwa nimekivaa cheo hicho kama koti.

Siku ya kwanza tulitoka lango la Marangu tukapita msituni hadi vibanda vya Mandara, kwenye mita kama 2,700. Msitu ule una miti mikubwa iliyofunikwa ukungu na kuvu, na mbega weusi wenye mikia myeupe wanarukaruka juu. Siku ya pili msitu unakatika ghafla, unaingia kwenye nyasi na vichaka, ukifika Horombo, mita 3,720. Huko ndiko utakapoona senesio, mimea minene kama nguzo yenye kichwa cha majani, ambayo usiku hukunja majani yake ili kichipukizi kisigande kwa baridi. Siku ya tatu unapita Maji ya Mwisho, kisha uwanda mpana mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, vumbi na mawe tu, mpaka kibanda cha Kibo, mita kama 4,700. Saa sita usiku unaamshwa, unapanda.

Hesabu hizo zishikeni vizuri. Siku tatu, kutoka chini ya mita 2,000 hadi 4,700. Hewa ya kule juu ina oksijeni kwa sehemu ile ile kama ya hapa, lakini hewa yenyewe imekuwa nyepesi. Kileleni mgandamizo wake ni karibu nusu tu ya ule wa pwani. Kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu ya ulichozoea. Mwili unaweza kujizoesha, lakini unataka siku. Ukiunyima siku hizo unakudai. Dai la kwanza ni kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kutapika. La pili ni maji kuingia mapafuni au ubongo kuvimba, na hilo huua, pengine kwa saa chache. Haliangalii misuli wala umri wala cheo. Dawa yake ya uhakika ni moja: kushuka, na kushuka sasa hivi.

Kichwa kilianza kuniuma Horombo. Sikusema. Siku ya tatu jioni nilimwaga uji wangu nyuma ya kibanda nikarudi na sahani tupu, ili wadogo waone kaka mkuu amekula. Kiongozi alipotuuliza mmoja mmoja, nilijibu, "Mzima kama chuma."

Jirani yangu bwenini alikuwa kiranja wa michezo, mkimbiaji hodari kuliko wote shuleni. Baba yake alikuwa mpagazi. Kwa miaka mingi mzee yule alibeba mizigo ya wageni hadi kibanda cha Kibo, na hapo huishia kazi ya mpagazi. Kilele chenyewe hakuwahi kukikanyaga. Alimwambia mwanawe: "Nenda ukaone, uje unieleze kukoje." Kijana alikuwa na sababu ya kufika kuliko sisi wote.

Tulianza kupanda usiku ule. Changarawe za pale zinateleza. Unakwenda hatua mbili, unarudi moja. Tulipofika kwenye pango la Hans Meyer, mita kama 5,150, nilikuwa nyuma kabisa, nikiyumba. Msaidizi wa kiongozi aliyekuwa akifunga msafara alichora mstari changaraweni kwa fimbo yake, akaniambia nitembee juu yake, kisigino mbele ya kidole. Nilianguka. Akaniuliza leo siku gani; nikamtajia jina la bweni letu. Akasema, "Huyu anashuka."

Sikuweza kusimama, na mtu mmoja hakutosha kunishusha gizani. Mwalimu na wenzetu walikuwa wametangulia na kiongozi; taa zao tuliziona juu kama vimulimuli. Yule kiranja wa michezo alikuwa amenisubiri pangoni. Alitazama juu mara moja. Kisha akaupitisha mkono wangu shingoni kwake, tukateremka. Hawakuniacha nilale Kibo. Tulikwenda moja kwa moja mpaka Horombo. Mchana nilikuwa nakunywa chai na kujua jina langu. Mawingu yalifunguka kidogo, na yeye alikuwa amekaa kwenye jiwe akiitazama Kibo.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye deni. Waliofika kileleni walipoturudia, mtu akauliza kwa sauti: "Nani aliumwa?" Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, yeye akajibu: "Mimi. Tumbo." Na mimi, kaka mkuu, nikaufunga mdomo wangu.

Mnaokumbuka mnajua kilichofuata. Aliitwa "Nusu Kibo" mpaka tulipomaliza kidato cha sita. Waliimba jina hilo uwanjani akikimbia mbio za maili moja. Mimi nilikuwapo, siku nyingine niliwanyamazisha kwa filimbi, lakini sikusema neno moja lililotakiwa. Baba yake alifariki mwaka 1991 bila kusimuliwa kilele.

Mwaka 2014 nilirudi. Safari hii nilitumia siku sita kwa njia ile ile, nikikaa siku nzima ya ziada Horombo, nikipanda mchana kuelekea Mawenzi na kurudi kulala chini. Nilifika Uhuru saa moja na nusu asubuhi. Barafu ya kule inakwisha. Wataalamu walioipima wanasema tangu mwaka 1912 hadi 2011 asilimia kama 85 ya eneo lake ilitoweka. Nilisimama nikitazama kuta za barafu zilizobaki, nyeupe zenye ubuluu ndani, na kivuli cha mlima kikiwa kimelala juu ya mawingu. Kila nilichokiona nilijua kilikuwa mali ya mtu mwingine. Simu ilishika mawasiliano. Nilitafuta namba yake, nikaitazama, nikairudisha mfukoni.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilimwomba ruhusa ya kuyasema haya. Amekaa pale safu ya tatu. Alicheka, akasema, "Umechelewa, ndugu yangu, lakini sema. Hawa watoto wanapanda Desemba." Nilimuuliza kwa nini alijibu vile siku ile. Akasema: "Wewe ulikuwa na mwaka mzima wa kutuongoza. Mimi nilidhani watasahau baada ya wiki moja."

Basi nasema mbele yenu wote: aliyeumwa ni mimi. Aliyeacha kilele chake ili nisife ni yeye. Nisamehe, bwana.

Sasa ninyi vijana. Walimu wenu wamenionyesha mpango wa safari, na nimefurahi kuona siku ya kuzoea imo. Msikubali mtu aiondoe kwa kubana matumizi. Nendeni polepole, anayekimbia siku ya kwanza huonekana siku ya nne akibebwa. Kunyweni maji, kuleni hata kama hamtaki. Mkiulizwa hali, semeni ukweli, na mkimwona mwenzenu anamwaga chakula, mseme kwa niaba yake. Huko si kusengenya.

Heshimuni wapagazi. Sheria inasema mzigo usizidi kilo 20 kwa mtu, na mizani ipo langoni. Simameni pale mwone inavyopimwa. Jueni majina yao, na mjue wamelala wapi na wamekula nini. Msiwashe moto, msitupe chochote. Oktoba 2020 moto uliunguza sehemu kubwa ya vichaka vya mlima ule, na mimea ya baridi kama ile huchukua miaka mingi kurudi.

Na asione haya mtu atakayegeuka nyuma. Meyer mwenyewe aligeuka mwaka 1887; mwaka 1888 hata mlimani hakufika, kwani alikamatwa njiani na watu wa Abushiri; akafaulu mara ya tatu. Mlima haujui kaka mkuu. Haukujui wewe ni nani, na utakuwapo mwakani.

Mkifika, tazameni vizuri. Mkirudi, mmoja wenu aje nyumbani kwa yule mzee wa safu ya tatu, akae naye, amweleze kukoje. Mimi nitakuwapo pia, kusikiliza.