UDONGO UKIPANDA BEI, FAIDA NI YA NANI?

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wandugu wa migodi na wa mji



Leo tunataka kusema juu ya udongo. Si udongo ule wenye shaba ndani yake. Ule mikono yetu inaujua vema. Tunataka kusema juu ya udongo wa juu, ule mtu anapojenga nyumba, anapofungua duka, anapopitisha barabara. Na tutachukua mfano wa inchi ya Uingereza, namna serikali zake zilivyoshindana juu ya jambo hili kisha vita ya 1939-1945. Kwa nini Uingereza? Kwa sababu wale ni watu wenye kura, wenye Bunge la zamani, wenye makarani na mahakimu wengi. Na hata hivyo kisha vita walitunga sheria ya faida ya udongo mara tatu, na mara tatu wakaivunja. Mwenye akili hujifunza kwa safari ya mwenzake.

FAIDA INATOKA WAPI?

Tufanye hesabu ndogo, kama ilivyo desturi yetu sisi makarani. Mzee mmoja ana shamba la viazi kando ya mji. Tuseme bei yake kama shamba ni pauni 100. Siku moja serikali inaamua kwamba mji utapanuka upande ule. Inaleta barabara, maji, shule na taa. Mara shamba lile linauzwa pauni 1000. Mzee hakuongeza hata pigo moja la jembe, na viazi ni vile vile. Basi zile pauni 900 zimetoka wapi? Zimetoka kwa watu wote: kwa waliolipa kodi, kwa waliochimba mitaro ya maji, kwa waliohamia mjini na kuutia uzima. Ulizo letu lote la leo ndilo hili: zile 900 ni za nani?

Tena kuna upande wa pili. Serikali ikiamua kwamba shamba la jirani lisijengwe kamwe, ili watu wa mji wapate mahali pa hewa, jirani yule anabaki na 100 zake. Atalia: «Kalamu ya serikali imemtajirisha mwenzangu, na kalamu ile ile imenifunga mimi.» Mambo haya mawili ni sahani mbili za mizani moja. Ukishika moja na kuacha nyingine, mizani inalala upande.

Waingereza walilijua jambo hili zamani. Mwaka wa 1909 David Lloyd George, waziri wa feza, alitaka kutoza kodi juu ya bei ya udongo inayopanda. Baraza la malodi, ambamo wenye mashamba makubwa walikuwa wengi, likaikataa bajeti yake yote. Ikapita mwaka wa 1910 kisha vita kubwa ya maneno, lakini kodi ile ya udongo ikafutwa mwaka wa 1920. Mwaka wa 1931 Philip Snowden akajaribu tena. Mwaka wa 1934 sheria yake nayo ikafutwa. Muone wandugu, njia ilikuwa na miiba tangu mwanzo.

MARA YA KWANZA: SHERIA YA 1947

Ikaja vita. Mabomu yakabomoa London, Coventry na miji mingine. Serikali ikaogopa kwamba wakati wa kujenga upya, wajanja watanunua viwanja vya magofu na kuwauzia watu kwa bei ya kunyonga. Ikaweka wajuzi chini ya hakimu Uthwatt, nao mwaka wa 1942 wakatoa shauri: haki ya kujenga juu ya udongo usiojengwa bado iwe mikononi mwa serikali.

Mwaka wa 1945 chama cha wafanyakazi, Labour, kikashinda kura. Waziri Lewis Silkin akaleta sheria ya 1947, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1948. Sheria hii haikumnyang'anya mtu shamba lake. Mwenye shamba alibaki nalo, alime, alishe ng'ombe. Lakini haki ya kuligeuza kuwa nyumba, duka au kiwanda iliondoka kwake na kuwa ya watu wote. Anayetaka kujenga sharti aombe ruhusa. Na akipewa ruhusa, sharti ailipe serikali faida yote inayotokana na ruhusa ile. Katika hesabu yetu, ni pauni 900 zote. Na kwa wale waliopoteza matumaini yao ya kuuza kwa bei kubwa, serikali iliweka mfuko wa pauni milioni 300 wa kuwaliza machozi. Ndivyo sahani zote mbili za mizani zilivyoshikwa.

Kwa karatasi ilikuwa sheria ya haki. Lakini muone ilivyokwenda sokoni. Wenye sheria walifikiri mzee wa viazi atauza kwa 100, na mjenzi atailipa serikali 900. Mzee akasema: «Kama faida yote ni ya serikali, niuze kwa nini? Nitakaa na viazi vyangu.» Akangoja. Mwenye haraka ya kujenga akampa zaidi ya 100, kisha akalipa 900 za serikali juu yake. Basi malipo yale yaliyotungwa kumshika mwenye udongo yakamwangukia mwenye kujenga. Na watu wakaichukia sheria, hata wale ambao ilitungwa kuwasaidia.

Tena chama cha pili, Conservative, kilikuwa kikiipinga. Mwenye udongo akahesabu siku: leo Labour, kesho wengine, kungoja hakuna hasara. Na kweli, Oktoba 1951 Conservative wakashinda. Walikuwa wameahidi nyumba 300,000 kila mwaka, na waziri wao Harold Macmillan hakutaka kizuizi njiani. Mwaka wa 1953 malipo yale yakafutwa.

BEI MBILI KWA UDONGO MMOJA

Hapa tunaomba masikio yenu, kwa maana hapa maskini aliumia. Walipofuta malipo, hawakurudisha bei ya soko kwa kila mtu. Mtu akimuuzia mtu mwenzake, anapata bei yote ya soko. Lakini baraza la mji likichukua udongo kwa nguvu ya sheria, kwa kujenga shule au nyumba za watu, linalipa bei ya chini ya zamani, pamoja na kile tu kilichokuwa kimeandikwa na kukubaliwa katika hesabu za ule mfuko wa 1947. Asiyepeleka barua zake kwa wakati, hana kitu.

Huko Romford, mashariki ya London, mtu mmoja wa kawaida alikuwa amenunua kiwanja kidogo kando ya nyumba yake kwa pauni 400. Baraza la mji likakitaka kwa kujenga nyumba, likampa pauni 65. Mwezi wa Septemba 1954 mtu yule alijinyonga. Habari zake zilijaa magazeti na kufika Bungeni. Wakubwa wa inchi wakaona aibu. Mwaka wa 1959 sheria ikabadilishwa: tangu hapo baraza nalo likalipa bei ya soko.

Maskini yule alidhulumiwa, hakuna anayekataa. Lakini tazameni dawa waliyoitoa. Kumponya mwenye kiwanja kidogo, walimpa mwenye mashamba makubwa zile 900 zote. Na haki ya kutoa ruhusa ilibaki kwa serikali, tena kutoka 1955 waziri Duncan Sandys aliwahimiza mabaraza wazungushe miji yao kwa ukanda wa mashamba yasiyojengwa. Ni jambo jema kwa hewa na kwa macho. Lakini udongo wenye ruhusa ukawa haba, na kitu haba hupanda bei. Basi kalamu ya serikali ikaendelea kuzaa utajiri, na utajiri ule ukaenda kwa mtu mmoja mmoja. Sahani moja ya mizani ilishikwa, ya pili ikaachwa.

MARA YA PILI NA YA TATU

Miaka ya sitini bei zikapanda. Katikati ya London likasimama jumba la Centre Point, lenye ghorofa zaidi ya 30, lililokwisha mwaka wa 1966. Likakaa tupu miaka mingi, mwenye nalo akingoja mpangaji mmoja wa kulichukua lote, na huku bei yake ikizidi kupanda, wakati jamaa nyingi mjini zilikosa pa kulala.

Labour walirudi mwaka wa 1964, na mwaka wa 1967 wakaanzisha Tume ya Udongo na kodi ya 40 kwa mia juu ya faida. Wakafikiri: safari hii hatuchukui yote, tunamwachia mwenye udongo sehemu, atauza. Lakini Conservative wakatangaza mapema kwamba wataifuta. Tume ilinunua udongo kidogo tu. Mwaka wa 1970 serikali ikageuka, na mwaka wa 1971 Tume ikazikwa.

Ikafuata homa ya viwanja. Benki zilikopesha bila kiasi, bei zikaruka, hata Conservative wenyewe wakaona hasira ya watu, na Desemba 1973 wakatangaza kodi yao juu ya faida ile. Lakini homa ilikuwa imekwisha kupasuka. Benki ndogo zikaanza kuanguka.

Mara ya tatu Labour walileta sheria ya 1975, mabaraza ya miji yanunue udongo wa kujenga kabla ya bei kupanda, na mwaka wa 1976 kodi iliyofika 80 kwa mia. Lakini mwaka ule ule serikali iliishiwa feza, ikakopa kwa Mfuko wa Feza wa Dunia. Mabaraza yangenunua kwa nini? Mwaka wa 1979 akaingia Margaret Thatcher. Sheria ya kununua ikafutwa mwaka wa 1980, na kodi ikafutwa mwaka wa 1985.

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi hapa ni mtu anayetafuta nyumba.

PALIPOSHIKA MIZIZI

Je, kila kitu kilianguka? Hapana. Kuna mahali jambo lilishika, na ni vema tupatazame.

Kwa sheria ya 1946 serikali ilijenga miji mipya. Wa kwanza ulikuwa Stevenage. Silkin alipokwenda kuwaeleza wenyeji, walitoa upepo katika magurudumu ya motokari yake, na kituo cha reli wakakiandika «Silkingrad». Hata hivyo mji ulijengwa. Shirika la mji lilinunua mashamba karibu na bei ya mashamba, likaleta barabara na viwanda, na udongo ulipopanda bei, faida iliingia katika mfuko wa shirika lenyewe, si wa wapita njia.

Tena kuna Letchworth, ulioanza mwaka wa 1903 kwa mawazo ya Ebenezer Howard. Huyu hakuwa lodi wala tajiri. Alikuwa karani, kazi yake kuandika maneno ya Bunge. Alisema udongo wa mji ushikwe kwa pamoja, na feza ya kupangisha irudi kuutunza mji. Kisha vita, watu wa feza walipotaka kulishika shirika lile kwa kununua hisa zake, wenyeji walisimama, na mwaka wa 1962 Bunge likatoa sheria ya kuulinda mji wao. Mpaka leo faida ya udongo ule inarudi kwa watu wa Letchworth.

Kwa nini huku palishika na kule palianguka? Tunavyoona sisi, ni hivi. Kodi ya faida ilikuwa ahadi ya chama kimoja. Mwenye udongo aliweza kungoja kura ijayo. Lakini udongo ukiwa umekwisha nunuliwa kwa ajili ya watu wote, hakuna wa kungoja. Na mwenyeji anayeona faida kwa macho yake, katika barabara na bustani ya mji wake, atailinda mwenyewe. Sheria isiyo na walinzi ni nyumba isiyo na mlango.

NA SISI?

Wandugu, hatuko Uingereza. Kwetu amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema udongo usiokaliwa ni wa Dola, na wazee wetu hawakuulizwa nani anakaa wapi. Sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya 20 Julai 1973 zilisema udongo ni mali ya Dola letu wenyewe. Ni vema. Lakini mfano wa Waingereza unatuonyesha kwamba kusema «ni wa serikali» si mwisho wa maneno. Wao nao walisema haki ya kujenga ni ya watu wote, na bado pauni 900 zilikwenda kwa mmoja.

Basi barabara ikifika mtaani, na parseli ikapanda bei, tuulize wazi: nani alijua mbele ya wengine kwamba barabara inakuja? Nani alitia mhuri? Faida imeingia katika kisanduku gani? Na mwenye parseli ndogo anayeondolewa, amepewa bei ambayo yule anayemlipa angekubali kuipokea kwa kiwanja chake mwenyewe?

Maulizo haya hayataki mtu wa shule kubwa. Anayejua kusoma karatasi yake ya mshahara anaweza kuyauliza. Tuyaulize katika kila komini, na tusiache mpaka tumejibiwa kwa tarakimu.