Mtoto Mwenye Kigugumizi Asubiriwe

Leo tuzungumze juu ya kigugumizi.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani hatujasahau siku tuliposimamishwa mbele ya darasa. Mikono ilitetemeka. Tuliogopa kuchekwa. Haya, yuko mtoto ambaye hali hiyo anayo kila siku, hata akitaka kuomba maji tu. Je, huyo tumcheke?

Kigugumizi si ujinga. Si uchawi, wala si tabia mbaya. Ubongo wake huendesha usemi kwa njia tofauti kidogo, na mara nyingi jambo hili hupita katika ukoo. Huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5. Katika watoto 100, kama 5 hupata kigugumizi. Wengi wao hupona. Katika watu wazima 100, hubaki nacho kama 1, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Wako wataalamu wa usemi wanaosomea kazi hii. Huko Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Wanajifunza nini?

Kwanza, kusikiliza. Mtoto hurudia: "ma-ma-ma-maji." Au huvuta: "mmmmaji." Au hukwama kabisa, mdomo wazi, sauti haitoki.

Pili, kuhesabu. Wanahesabu silabi, zile zile za ba, be, bi, bo, bu tulizoanza nazo sisi. Mtoto akisema silabi 300, na 15 zikawa na kigugumizi, basi ni 5 katika kila 100. Baadaye wanahesabu tena, wajue kama anaendelea vizuri.

Tatu, kuuliza. Kilianza lini? Nani mwingine katika ukoo anacho? Mtoto anaona haya? Anakwepa kusema? Maana huzuni ya moyoni haihesabiki kwa silabi.

Na matibabu je? Si sindano, ni mazoezi. Kwa watoto wadogo iko njia iitwayo Lidcombe, iliyoanzishwa Sydney, Australia, miaka ya 1980. Mtaalamu humwongoza mzazi, na mzazi ndiye afanyaye kazi nyumbani. Kila siku hukaa na mtoto, wakacheza na kuongea. Mtoto akisema bila kukwama, humsifu: "Hapo umesema vizuri!" Kisha mzazi huandika alama ya siku: 0 kama hakukwama, mpaka 9 kama kigugumizi kilikuwa kikali sana. Mnaona ndugu? Kalamu yetu ina kazi. Mtu mzima naye hufundishwa kuanza neno kwa ulaini, na kutoogopa kukwama.

Wataalamu hawa ni wachache, na vijijini ni shida kuwapata. Lakini yako mambo tunayoyaweza leo. Tusimpige mtoto. Tusimwambie "sema upesi!" Tusimmalizie neno lake. Tumtazame, tungoje amalize, kisha tumjibu polepole. Mwalimu wake naye tumweleze. Kigugumizi kikipita miezi 6, au mtoto akianza kuogopa kusema, twende kituo cha afya tuulize mtaalamu yuko hospitali gani.

Ndugu zangu, tulipokuwa tukisoma kwa kusitasita, mwalimu alitusubiri. Ndiyo maana leo tunasoma gazeti hili. Basi nasi tumsubiri mtoto.